Utafiti Wetu Hauna Bosi

Bwana asifiwe! Aa, itikieni kama watu waliokunywa chai. Haya. Mimi sijaacha pombe wala wizi, mama asizimie pale mbele. Ushuhuda wangu unahusu akili mnemba.

Ndugu zangu, klabu yetu ya shule kazi yake ni kuichokoza mashine kwa maswali mpaka ikosee, kisha tunawaonya watu. Mfadhili tulikuwa naye mmoja, mfanyabiashara wa hapa Bukoba. Kompyuta yake, bando lake, soda zake. Tukajiona tumefika.

Siku moja tukaijaribu huduma ya akili mnemba anayowauzia wakulima kwenye simu. Tukauliza habari za mnyauko wa migomba. Ikajibu kwa Kiswahili kitamu: kata mgomba unaougua, endelea na mingine kwa panga hilohilo. Wenye vibanja vya migomba mmeguna! Panga hilo ndilo linalosambaza ugonjwa. Nikawaza kibanja cha bibi kule Muleba.

Tukampelekea ripoti. Akaisoma, akaikunja.

"Kijana, bando langu, mdomo wangu."

"Sawa mzee. Chukua bando, mdomo niachie."

Akachukua, na kompyuta juu. Wenzangu wakaikimbia klabu, shuleni nikaitwa Profesa Hewa. Bila kurudia majaribio, nani angetuamini? Nawaambia, nililia. Na wewe unayecheka huko nyuma nakuona.

Ndipo nikaleta jogoo wa bibi kwenye mnada wa mavuno, hapahapa kanisani. Mnadishaji akauliza ni kwa ajili ya nini. Nikaeleza yote. Dereva wa bodaboda wa Kashai akamnunua, akasema, "Mrudishe, auzwe tena!" Mama mmoja wa Nyanga, mwenye kahawa, akanunua, akarudisha. Kwaya nayo. Jogoo akauzwa mpaka akasinzia.

Mara yule mfanyabiashara akasimama. "Namchukua mimi. Na klabu yote nailipia peke yangu."

Nikasema, "Waitu, ndugu yetu, toa kidogo kama wenzako, ukae."

Akatoka nje. Vigelegele mnavikumbuka.

Wenzangu wakarudi, tukarudia majaribio, tukatangaza gulioni Muleba kwa kipaza sauti. Muda si mrefu huduma ile ikabadilisha jibu lake, kimyakimya, bila hata asante.

Asanteni ninyi. Asante mwalimu wa fizikia aliyetufungulia maabara. Funzo langu ni hili: anayeichunguza mashine asile kwa mwenye mashine tu. Ale kwa wengi, ili akifukuzwa jiko moja asife njaa.

Sasa tunaichunguza nyingine, inayoshauri dawa za homa za watoto. Mwenyewe ameshapiga simu, anataka kutufadhili peke yake. Tumemjibu: karibu sana, panga foleni nyuma ya bodaboda.