Ebenezeri Ndesario Mtui wa Mwika, Aliyetaka Kufunguliwa Mchezo Kwanza

Mpendwa wetu Ebenezeri alizaliwa tarehe 4 Machi 1909 hapa Mwika, katika kihamba hikihiki, shamba la ukoo wetu, tunamomlaza leo, mtoto wa tatu wa Mzee Ndesario Mtui na Mama Magdalena. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku alipozaliwa mdogo wake Elisaria, anayewasomea maneno haya, Ebenezeri alilia kuliko kichanga mwenyewe, na hakunyamaza mpaka alipopewa ziwa yeye kwanza. Tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1919 hadi 1925. Kichwa kilikuwa chepesi, hasa kwa hesabu, ila akitangazwa wa pili chakula hakikushuka. Mwaka 1928 aliajiriwa na chama cha wakulima kuwa karani wa mizani ya kahawa, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka maradhi yalipomshinda.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Salehe bin Zaidi, fundi cherehani wa Kiboriloni. Mwaka 1931, akisubiri lori la kahawa, alikaribishwa kwenye baraza la Salehe, ambapo watu walikuwa wakicheza bao. Wachezaji wanajua: ukitia kete yako ya mwisho katika shimo tupu unasema "nimelala", yaani zamu yangu imekwisha, cheza wewe. Ebenezeri, mtu wa mlimani, Kiswahili chake bado cha darasani, alimsikia Salehe akisema, "Nimelala." Akaweka mikono magotini, akanyamaza. Alipopita mwuza ndizi akipiga kelele, alimkanya: "Taratibu, mama. Mzee amelala."

Salehe alikuwa amekodoa macho. Baraza zima lilicheka mpaka lori likaondoka bila karani wake. Urafiki wao ulianzia hapo, na Ebenezeri alichonga bao lake mwenyewe, akaanzisha baraza la michezo nyumbani. Bao, drafti na karata zote zilichezwa hapa kila Jumamosi jioni, na mchezo wowote mpya uliofika mjini Salehe aliupandisha mlimani ili ujaribiwe.

Tarehe 9 Juni 1934 alifunga ndoa na Elinipendo katika usharika wa Mwika. Walijaliwa watoto wawili, Beatrice na Gerisoni. Bibi arusi hakukawia kugundua kwamba kuna aliyemtangulia. "Mke mwenzangu ni wa mti," aliwaambia mashoga zake, "na Jumamosi zote ni zamu yake."

Lakini wivu wa mke ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya wivu wa mume. Ebenezeri alimpenda Salehe, na hakutaka kumgawana na mtu. Mwaka 1948 Salehe alipanda na keram, ule ubao wa kusukuma vipande kwa kidole. Ebenezeri alichelewa mizanini. Alipofika, alimkuta jirani yake, mwalimu Gidioni, amekwisha kaa kwenye kigoda cha Ebenezeri, vidole vyeupe kwa unga, anashangilia.

"Salehe, umemfungulia huyu kabla yangu?"

"Ulichelewa, ndugu yangu."

"Kwa hiyo nikichelewa mazishini kwangu mtaanza bila mimi?"

Msimu mzima wa kahawa alipita mbele ya cherehani ya Salehe ameangalia upande wa pili. Alishonesha suruali kwa fundi mwingine, ikatoka na mguu mmoja mrefu, naye akaivaa hadi kanisani kwa kiburi. Usiku hakulala vizuri. Kila akisikia kicheko nyumbani kwa Gidioni, alimwuliza mkewe kama hiyo si sauti ya Salehe.

Aliyejishusha ni Salehe. Alikuja na boksi la drafti mpya, limefungwa kamba kwa mafundo matatu. "Sijalifungua, wala hakuna aliyeliona," alisema. "Wewe kwanza." Ebenezeri alifungua mwenyewe, taratibu, Gidioni akiangalia. Tangu siku hiyo kila mchezo mpya ulifika hapa umefungwa kamba, na Gidioni alikalia gogo. Kigoda hakukigusa tena.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Februari mwaka huu. Alitibiwa Moshi mjini, na Agosti akarudishwa nyumbani. Jumamosi tarehe 13 Oktoba 1956, Salehe alifika na ludo, imefungwa kamba. Ebenezeri alijaribu fundo, vidole vikakataa. Elinipendo alitaka kumsaidia, naye akatikisa kichwa.

"Mwite Gidioni."

Mwalimu aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Fungua," Ebenezeri alimwambia. Gidioni alifungua. Kisha mgonjwa akaongeza, "Lakini usicheze."

Wote walicheka, hata yeye, mpaka kikohozi kikamkatiza. Aliomba bao kwanza. Alicheza na Salehe polepole, kete moja moja, na ya mwisho ikaangukia shimo tupu. "Nimelala," alisema. Salehe akacheza zamu yake, akasubiri. Elinipendo alipoingia na bakuli la mtori, alimkuta Salehe ameweka mikono magotini, machozi yanamtiririka.

"Taratibu, shemeji," alisema. "Amelala."

Marehemu ameacha mjane, Elinipendo. Watoto wake, Beatrice na Gerisoni. Mdogo wake, Elisaria. Rafiki yake, Salehe. Na jirani yake, mwalimu Gidioni. Leo hatukuanza bila yeye. Ndugu yetu, pumzika kwa amani ya Bwana.

Mama Beatrice ameagiza neno moja liongezwe: mwalimu Gidioni, ludo iko mezani na kigoda ni kitupu. Sasa cheza.