Gommaar Crabbeels, Mchoraji wa Meli Asiyejua Kuchora Watu

Marehemu Gommaar Crabbeels alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1571 hapa Antwerp, katika nyumba iliyo nyuma ya gati la samaki. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Adriaen Crabbeels, fundi wa matanga, na marehemu Barbele. Mimi Dympna, ninayewasomea, ndimi wa pili na wa mwisho.

Alijifunza kusoma na kuhesabu kwa mapadri, na mwaka 1587 akapelekwa kwa fundi mchoraji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchora Mama. Alihangaika siku tatu. Mama alipoonyeshwa alisema, "Mwanangu, hii ni pampu ya uani imevaa kofia. Na huu mkono mbona una viwiko viwili?" Nyumba nzima ilicheka, naye akaapa hatachora binadamu tena. Kiapo hicho alikitunza kuliko vingine vyote alivyowahi kuapa.

Alipokelewa katika chama cha wachoraji mwaka 1596, akawa mchoraji wa meli na maji. Kama ilivyo desturi ya kazi hii mjini kwetu, mmoja huchora meli na mwingine huchora watu. Watu wa Gommaar walichorwa na mwenzake, Balten Hoeck, kwa zaidi ya miaka ishirini. Balten alitumia mkono wa kushoto, na watu wake, hata wakiwa wadogo kama ukucha, ungeweza kuwaita kwa majina.

Tarehe 3 Mei 1599 alimwoa Maeyken, binti wa mwoka mikate. Mungu hakuwajalia mtoto. Wifi yangu alizoea kusema kwamba ameolewa mke wa pili na mke mkubwa ni bahari, lakini alisema hivyo huku akimfungia mkate wa kwenda nao kazini.

Mnamo Oktoba 1621 meli yetu moja ilizama ikipigana na Waholanzi nje ya mlango wa mto. Mume wangu Joos ndiye aliyeshika usukani. Wengine walirudi, wengine maji yaliwatupa pwani wakiwa maiti, na wengine, Joos akiwa mmoja wao, hatukupata habari zao. Chama cha mabaharia kikamwagiza Gommaar picha ya vita hivyo, iwekwe katika kanisa lao dogo. Alimaliza meli, moshi na mawimbi. Balten akafa kwa homa mwezi Februari, kabla hajaweka hata mtu mmoja. Wazee wa chama walipokuja kutazama, mmoja aliuliza, "Bwana Gommaar, meli hizi zinapigana zenyewe?" Akajibu, "Subirini. Watu si kazi yangu." Akakataa mchoraji mwingine yeyote.

Juma la Pasaka akaonekana mtu pichani, ndani ya maji, karibu na usukani: kipara, ndevu nyekundu. Maeyken alimtambua kuwa ni mshona matanga wa meli ile. Siku nne baadaye mke wa fundi huyo aliletewa habari kwamba mwili umepatikana. Kisha akaonekana wa pili, na wa tatu, na habari za vifo vyao zikafuata vivyo hivyo. Wote walipakwa kwa mkono wa kushoto. Gommaar aliapa kwamba hakugusa, na nani asingemwamini? Watu wale walikuwa wazuri mno.

Wake za mabaharia wakaanza kuja asubuhi, vikapu mkononi, kumtafuta kila mmoja wa kwake. Nami nilikuja kila siku baada ya misa. Naona haya kusema nilivyoiogopa picha ile, na nilivyoshindwa kukaa mbali nayo.

"Yumo?" nilimuuliza mlangoni.

"Hayumo, dada. Kanawe uso, unatisha watu."

"Wewe ndo unatisha, na hizo ndevu za rangi."

Kwa neno lake hilo nilibaki mke wa mtu siku moja zaidi. Mwezi wa sita alianza kulirudia wimbi kubwa la mbele, tabaka juu ya tabaka, mpaka Maeyken akamwambia, "Baba, utaimaliza rangi nyeupe mji mzima." Nilidhani ni uzee unamwanza.

Mwezi wa nane ugonjwa wa mapafu ukamshika. Tangu tarehe 1 Oktoba hakuinuka kitandani. Aliamuru picha igeuzwe ukutani, isiguswe mpaka afe.

"Kwani Joos yumo?" nilimuuliza.

"Nimekwambia hayumo. Kaka yako ameshakudanganya lini?"

"Mara elfu."

Alicheka mpaka akakohoa damu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Novemba 1622, akiwa na miaka hamsini na mmoja, mkono wake ukiwa katika mkono wa Maeyken.

Jumatano nilipeleka karatasi hizi kwa mchapaji. Jana, Alhamisi, mimi na wifi yangu tuliigeuza picha. Lile wimbi la mbele limekuwa jepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, na chini yake yuko Joos, na kovu lake la kidevuni. Yumo tangu mwezi wa sita. Kaka yangu alimfunika kwa kitu pekee alichojua kuchora, ili mimi nisimwone.

Kando yake kuna mashua ambayo siku zote ilikuwa tupu. Sasa ndani yake ameinama mtu kama pampu iliyovaa kofia, amenyoosha mkono, na amemshika Joos kwenye kifundo cha mkono. Rangi yake ilikuwa mbichi, ikanibaki kidoleni. Mkono ule una viwiko viwili.

Wazee wa chama wameomba mchoraji mwingine aunyooshe. Tumekataa.

Katika karatasi mlizoshika, jina la Joos limo miongoni mwa walioachwa. Mniwie radhi, mimi nitasoma tofauti. Marehemu Gommaar Crabbeels ameacha mke, Maeyken, na dada mmoja, Dympna, mjane wa Joos.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.