Viateur Nduwayo na Noti Aliyoiita ya Mfalme

Ndugu waombolezaji, majirani wa Muhima nanyi mliotoka Masaka na Ndera, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Viateur Nduwayo, na mjane wake, Mukasine, ameomba habari za mwaka 1990 zisirukwe.

Marehemu alizaliwa Masaka yetu hii ya Kigali tarehe 14 Mei 1948, mtoto wa pili wa mzee Nizeyimana na mama Nyiraneza, akaanza shule ya misheni hapo hapo mwaka 1955, na mwaka 1961 akapelekwa kwa mjomba wake Bukoba, alikosoma hadi darasa la nane na kupata Kiswahili alichotumia baadaye kuwauzia bidhaa wengi wenu. Alirudi Kigali mwaka 1966, akaajiriwa katika duka la vitambaa, na mwaka 1974 akafungua lake Muhima, la stempu na noti za zamani, akiwauzia Wazungu wanaokusanya vitu hivyo. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Mukasine huko Ndera, wakajaliwa watoto watatu, Uwimana, Shami na Shimwa.

Kati ya noti zake ilikuwepo aina moja ya enzi za Wabelgiji, yenye picha ya mwanamume aliyevaa nyuzi ndefu nyeupe kichwani, na juu ya kila bahasha ya noti hiyo marehemu aliandika kwamba huyo ni mfalme wa Rwanda, kama wanunuzi walivyopenda kumwita. Dada yetu mkubwa, Kabagwira, alimwonya kwamba huyo ni intore, mchezaji wa ngoma za kasri, kwa kuwa taji la mfalme lina shanga zinazoshuka usoni, naye akamjibu akicheka, "Dada, Mzungu hajavuka bahari kununua mchezaji."

Tarehe 9 Oktoba 1990, vita vikiwa vimeanza siku chache tu, askari walipekua duka, wakaziona bahasha, wakamchukua kama msaidizi wa walioshambulia kutoka Uganda, ambao serikali ilidai wanataka kuurudisha ufalme, kwamba anaeneza picha za mfalme. Aliposema ni mchezaji, aliulizwa kwa nini mkono wake mwenyewe uliandika mfalme, na Kabagwira, aliyekwenda kumtetea, alirudishwa mlangoni.

Aliachiwa tarehe 2 Aprili 1991 bila kesi, figo zikiwa zimeumia kwa kipigo, akakuta wapo wanaovuka barabara wasimsalimie. Mwezi Mei mteja wake wa zamani alikuja kuitaka noti ya mfalme, na Mukasine, aliyekwisha kuuza cherehani yake, alimsihi mumewe anyamaze, lakini marehemu akasema, "Huyu ni mchezaji, bwana, na jina lake silijui." Mteja akamuuliza kama jela imemfundisha kuharibu biashara, akaondoka bila kununua.

Kuanzia Juni 1992 hakuweza tena kusimama dukani, akalazwa mara tatu, na akafariki Alhamisi, tarehe 11 Februari 1993, akiwa amemwambia Mukasine, "Waambie niliuza mchezaji kwa jina la mfalme. Kosa langu ni hilo, hakuna jingine."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na wafanyabiashara wenzake waliolinda duka. Nanyi mlioacha kutusalimia, na leo mmekuja, karibuni, tunawaomba mkitoka hapa myaseme haya kwa wale mliowaambia yale mengine.

Kaka Viateur, tumewaambia. Pumzika kwa amani.