Wariara na Miti Iliyoshika

Mimi Peterson, ndugu mdogo wa Wariara, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma kama alivyoyaishi, bila kutia chumvi.

Tabitha Wariara alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 hapa Ndabibi, mtoto wa tatu wa Mzee Gathogo na Mama Nyokabi, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa mpaka darasa la saba mwaka 1977, ya sekondari ikashindikana, akaendelea kujisomea kila gazeti lililofungiwa sukari dukani.

Januari 1985 aliajiriwa katika shamba la maua karibu na Karagita, akakaa huko miaka ishirini na mitano katika chumba kimoja cha kupanga, na huko ndiko alikojifunza kuotesha mbegu na kutambua mche unaokufa ukiwa bado kijani. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Kiarie, fundi wa mawe, ambaye ameketi hapa mbele, na ambaye hudai mpaka leo kwamba alikubaliwa kwa sababu tu alikuwa na mikono ya kubeba maji. Mungu aliwajalia Jeff, Natalie, na Shiru aliyetutoka akiwa na miezi saba, na ulipomuuliza Wariara ana watoto wangapi alikujibu, nimezaa watatu, niko na wawili.

Mwaka 2010 walirudi Ndabibi, akafungua kitalu, na mwaka 2021 mradi mkubwa wa kurudisha misitu ukachukua miche kwake, jambo lililomfurahisha sana, kwa maana alikumbuka mlima huu ukiwa na miti na kijito kikiwa na maji mwaka mzima. Lakini siku ya kupanda iliwekwa tarehe 11 Juni, mvua imeisha, akawaambia, hawakusikia, watu wakaletwa na mabasi, wakapanda miche elfu arobaini kwa siku moja, mingi ikiwa bado ndani ya karatasi ya nailoni, na juu ya chemchemi ya kijito wakaweka mikaratusi, mti unaokunywa maji kuliko ng'ombe.

Machi 2022 Wariara alizunguka mlima siku kumi na moja, akifunga uzi wa katani kwa kila mti uliokuwa hai, na daftari lake lilikuwa na safu mbili, imepandwa na imeshika, na iliyoshika ilikuwa 3,112. Msimamizi wa mradi akamwambia, mathe, andika tu elfu arobaini, nani atapanda mlima kuhesabu, naye akamjibu, mimi ndio natoka huko. Hawakurudi tena kwa kitalu chake. Hata hivyo kila msimu wa mvua yeye na kina mama wa kanisa waliziba mapengo kwa mutamaiyo na mutarakwa, miti ya asili ya hapa, wakang'oa mikaratusi, na kufikia Mei mwaka huu ilikuwa imeshika 9,407. Kijito kilichokuwa kikikauka Novemba sasa kinafika Januari, ingawa alitukataza kusema ni miti, alisema huenda ni mvua tu, tungoje miaka kumi.

Februari 2025 figo zilianza kumsumbua, akawa akisafishwa damu Nakuru mara mbili kwa wiki, mpaka alipotuacha tarehe 3 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 62.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Jerotich aliyejifanya haoni mgonjwa alipoweka mche dirishani, majirani wa Karagita na Ndabibi, na wenzake wa shamba la maua. Mradi nao tunaushukuru kwa kutuchapishia programu mlizoshika, lakini ukurasa wa tatu unasema marehemu ameacha miti elfu arobaini, na huo ni uongo, na mimi siwezi kumzika dada yangu na uongo. Aliye na kalamu aitoe sasa, akate elfu arobaini, aandike 9,407, kisha ampe jirani kalamu.

Baada ya kuweka maua tutapanda mutamaiyo mmoja kando ya kaburi, Kiarie atautoa karatasi mwenyewe, na huo msiuhesabu leo, tutauhesabu Machi, kiangazi kikiisha.

Pumzika, Wariara, maji ataleta Kiarie.