Bakhit Aliokota Kabichi

Benchi letu lipo Walukuba, Jinja, mbele ya jiko la Milly muuza kahawa, na asubuhi hiyo lilikaliwa na watu watatu wenye afya ya maneno na mmoja mwenye kisukari. Mgonjwa ni Bakhit, fundi cherehani, Mnubi mpole ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu. Wiki sita nyuma aliingia katika utafiti huko Mbale. Madaktari wanataka kujua kipi kinashusha sukari zaidi: kupasuliwa na kupunguzwa tumbo, au kula kwa kipimo. Kila mgonjwa aliokota karatasi, na Bakhit akaokota chakula. Sasa, siku moja baada ya asubuhi hiyo ya benchi, alitakiwa kurudi kusema kama anaendelea au anajitoa. Sisi, kwa kuwa hakuna aliyetuomba, tulikaa kumshauri.

Wa kwanza alikuwa Waiswa wa bodaboda. Tunamwita Profesa, kwa sababu kila wiki anabeti mpira na kila wiki anaeleza vizuri kwa nini alikosa.

— Bakhit, walikupiga. Wenzako wameshinda operesheni ya bure, wewe umeambulia kabichi.

— Walisema ni kura tu, ili wapime kwa haki.

— Kura gani haina mshindi? Ungenituma mimi nikuokotee.

Bakhit alisema sukari imeanza kushuka, ila njaa inamzidi nguvu. Hapo Afande Geresom, askari magereza mstaafu, akaweka kikombe chini.

— Mimi nimefunga watu miaka thelathini. Sijaona mfungwa mwenye sukari. Ugali wa posho na maharage, basi. Utafiti wa nini? Wampe miezi sita ndani.

— Kwa kosa gani, Afande?

— Kosa halikosekani.

Profesa alipinga kisayansi. Wakata miwa wa Buwenge, alisema, wanatafuna sukari kutwa nzima na bado ni wembamba kuliko miwa yenyewe. Kwa hiyo dawa ya moto ni moto, Bakhit atafune miwa. Afande akaonya kuhusu kisu: sukari ikikosa tumbo la kukaa, hupanda kichwani. Ilimpata mtu mmoja wa Budondo. Hatukuuliza jina, maana watu wa Budondo wanaopatwa na mambo hawana majina. Nami, nikiona aibu kunyamaza katikati ya wataalamu, nikasema yote ni mawazo tu. Kufikia kikombe cha tatu Profesa alikuwa amependekeza Bakhit ameze mnyoo wa kumsaidia kula.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alihitimisha.

Muda wote huo sahani ya kabalagala, vile vitumbua vitamu vya Milly, ilikuwa ikipita juu ya magoti ya Bakhit, kutoka kwetu kwenda kwetu, ya moto, inanukia ndizi.

— Kesho najitoa, akasema polepole. Nitafute wa kunikata. Nyumbani kula kwa kipimo naweza. Hapa ndipo siwezi.

Tukakubaliana kwamba hilo ni jambo zito, tukaomba sahani nyingine.

Ndipo akaja Zulaika, mkewe, na bakuli lenye kifuniko. Alimwamkia Afande kwa heshima zake, akasikiliza nadharia zetu zote, hata ya mnyoo. Kisha akafungua bakuli: mboga za majani, kipande cha samaki na mchuzi wake mwepesi.

— Nimewaelewa, bwana zangu. Sasa kati yenu, nani atakula hiki pamoja naye hapa mpaka utafiti uishe?

Afande akachungulia ndani ya kikombe chake kwa makini ya daktari. Profesa akakumbuka abiria. Mimi nilikuwa natafuna, na kwetu mtu hasemi na chakula mdomoni.

Bakhit alitungoja. Alitungoja kuliko tulivyostahili. Kisha akafunika bakuli, akainuka.

— Nitawaambia naendelea, akamwambia mkewe. Ila kahawa nitanywea nyumbani.

Wakaondoka pamoja. Benchi likabaki na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza.