Uso wa Luhaga na Akili ya Kampuni

Noah ya abiria ilipotoka Ruaha, Luhaga, mkata miwa aliyejaa masizi ya shamba lililochomwa, alikuwa akiisifia simu yake kwa mama Celestina, abiria aliyeketi kando yake, kama mtu anayemnadi mchumba. "Kampuni hii ya simu ina akili, mama! Vidole vyetu vimelika kwa panga, simu haivisomi. Wakaondoa kidole, wakaleta uso. Wamenifikiria mimi!"

"Haya, baba, ifungue tuone."

Luhaga akainua simu, ikakataa. Akatabasamu, ikakataa tena. Jasho likamtoka. Agness wake, mpenzi aliyekuwa akienda kuonana naye, alikuwa anapita Mikumi na basi la Iringa, basi gani hajui, namba yake ya simu imo humo ndani, na nywila alishaisahau.

"Haikujui," mama akasema. "Hao wenye akili hawajawahi kuona miwa ikichomwa."

"Kampuni haijakosea, mama! Uso wangu ndio umekosea!"

Mama akacheka mpaka kikapu alichopakata kikamponyoka, akampa maji ya chupa anawe masizi. Alipopangusa shavu moja tu, Noah ikasimama Mikumi. Luhaga akaruka, akakimbia kando ya mabasi akipeleka uso wake dirisha baada ya dirisha, akiomba Agness asiwe na akili kama za ile simu.