Zimawasha Anaaga, Kompyuta Zinashusha Pumzi

Mkuu wetu wa Kitengo cha Kompyuta anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye barua rasmi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Kwenye korido na kwenye foleni ya chai tumemwita Zimawasha. Tunasikitika kwamba analijua jina hilo leo, mbele ya wageni.

Jina lenyewe alilipata kwa haki. Printa ikikwama: zima, washa. Skrini ikiganda: zima, washa. Mhasibu mkuu aliwahi kumpigia simu moshi ukitoka nyuma ya kompyuta, akapewa ushauri uleule. Nusu ya kwanza ilisaidia sana.

Kilichogoma kupona kwa dawa hiyo alikitolea hukumu ya neno moja, "imekufa", kikapelekwa stoo. Rufaa haikuwepo. Dada wa mapokezi alipolalamika kwamba kompyuta yake imekuwa bubu tangu iwekewe mfumo upya, mkuu aliitegea sikio kama daktari, akatikisa kichwa, akampa pole. Ikaenda stoo, na dada akapewa nyingine, nayo bubu. Alitazama video zote za mafunzo ya kazini kimyakimya na akafaulu mtihani, jambo ambalo hadi leo halijaelezeka.

Kisa kinachofuata kimeandikwa kwa ruhusa ya mke wa mkuu, ambaye sharti lake lilikuwa moja tu: kiandikwe chote.

Mwaka juzi binti yao alihitimu udaktari nchi ya mbali, akachaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake. Sherehe ilikuwa irushwe mtandaoni. Mama mkwe wa mkuu, aliyemlea binti huyo tangu akiwa mchanga, alisafiri kutwa nzima kwa basi aje kuisikia. Nasema kuisikia kwa sababu macho yake yalikwisha kumtupa mkono. Picha kwake ni mwanga tu unaochezacheza.

Siku moja kabla ya sherehe, mkuu aliona kompyuta ya nyumbani inajivuta.

"Si inafanya kazi?" mkewe alimuuliza. "Iache."

"Mama watoto, hii ndiyo kazi yangu."

Akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Mfumo uliingia vizuri, ila bila draiva kadhaa, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vyake. Hakukagua. Aliona skrini inang'aa, akajipongeza kwa soda.

Siku ya siku, mtandao haukushika. Akachomeka simu yake kwa waya ili kompyuta itumie intaneti yake, na ukumbi ukatokea, watu na majoho yao. Midomo inacheza, sauti hakuna. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Akachomoa spika, akazichomeka tena, akapuliza tundu. Akalaumu vumbi, akalaumu umeme, akalaumu kitambaa ambacho mkewe alizifunikia spika hizo. Akazima, akawasha. Bubu.

"Mbona kimya?" mama mkwe akauliza. "Mjukuu wangu hajaanza kusema?"

"Ameanza, mama. Anasema taratibu."

"Anasema nini?"

"Anamshukuru sana baba yake."

"Yule ni mkuu wa chuo," mkewe akadakia. "Ana ndevu mpaka kifuani. Hebu chomoa simu yako tusikilizie hapo."

Mkuu akakataa. Ashindwe na kompyuta yake mwenyewe, mbele ya mama mkwe? Akachukua kisimu cha mkewe cha kubonyeza, akajibanza koridoni, akapiga kitengoni. Zamu ilikuwa yangu. Alipomaliza kunieleza, ulimi ulinitoka wenyewe:

"Mkuu, umejaribu kuzima na kuwasha?"

Akachungulia sebuleni. Kisha akasema kwa kunong'ona, "Wewe, mama mkwe wangu yuko sebuleni. Usinifanyie mchezo."

Nikamwomba afungue orodha ya vifaa vya kompyuta. Kando ya kifaa cha sauti palikuwa na alama ya njano ya mshangao. Basi hakikuwa kimekufa, kilikosa draiva. Nikamtuma asome modeli ya kompyuta kwenye kibandiko, nyuma ya boksi lake. Akaingia chini ya meza na suti yake na tai yake. Kwa haraka akapakua draiva ya modeli nyingine, ikagoma. Akapakua iliyo sahihi, ikakubali, kisha ikamtaka azime kompyuta na kuiwasha upya. Hapo mkuu akaingiwa na hofu.

"Isipowaka je?"

Nikamwambia kwamba ofisi nzima imekuwa ikijiuliza swali hilo kwa miaka.

Ikawaka, akaifungua tena sherehe. Sauti ilipasuka sebuleni kwa nguvu, maana aliiacha imepanda mpaka mwisho, na mama mkwe akaruka kitini. Kisha akatulia. Aliyekuwa anaongea ni mjukuu wake, na alikuwa anamzungumzia bibi aliyemfundisha kusoma kabla hajavaa sare ya shule. Mama mkwe akafumba macho, akashika mkono wa bintiye, asiuachie mpaka makofi yalipokwisha. Baba naye alitajwa, mwishoni kabisa: alishukuriwa kwa kuifundisha familia uvumilivu, "hasa anapoamua kutengeneza kitu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu alikuwa bado amepiga magoti kando ya meza, anafuta machozi kwa ncha ya tai.

Jumatatu alifika mapema, akafungua stoo na kuanza kuwakagua marehemu wake. Wengi walikuwa hai. Kompyuta ya kwanza ya dada wa mapokezi ilirudi mezani ikiongea. Hakuomba radhi, la hasha. Aliandika ripoti akaiita Mradi wa Ufufuaji wa Vifaa, akapewa cheti, akakitundika ukutani. Ila tuseme haki: tangu siku hiyo huvuta kiti, hukaa, na huifungua ile orodha kwanza. Hakuna kompyuta iliyohukumiwa tena bila kusikilizwa.

Mkuu, asante kwa miaka yote, na kwa kutuchekesha bila kukusudia. Tunakuombea afya, raha na mapumziko marefu. Na kwa mama watoto, ambaye kuanzia Jumamosi atakuwa na wewe nyumbani kutwa nzima, kitengo kizima kinatoa pole za dhati. Simu yetu iko wazi.